Begi la Saba la Emil Hrabovsky

Emil Hrabovsky hakuwa mtu wa kununua kitu kwa pupa. Mashine ya kuchomea mkate tu ilimchukua miezi mitano kuichagua, na muda wote huo mkewe, Rosalie, alikula mkate usiochomwa huku akitazama ukuta. Kwa hiyo Jumanne moja ya Septemba, boksi lake la makaratasi lilipolowa mvua na kutoboka kitako katikati ya maegesho ya chama cha walenga shabaha cha Slatebrook, na risasi hamsini za bastola zikatawanyika kwenye kokoto kama maharage, wote waliomfahamu walijua kwamba kuziokota ndiyo kazi iliyokuwa rahisi.

"Emil," alisema rafiki yake Curt Dunmire, aliyekuwa amepiga magoti topeni akimsaidia kuokota, "nunua begi."

"Nitanunua."

"Kabla hatujazikwa, au baadaye?"

Curt alikuwa fundi bomba mstaafu, na mambo ya begi hayakuwahi kumkosesha usingizi. Bastola yake, risasi zake na vikinga masikio vyake alivibeba kwenye begi la nepi la mjukuu wake, lenye picha za bata wa manjano, na kama kuna mtu aliyewahi kulicheka basi alilicheka akiwa mbali.

Emil alikuwa mtu wa namna nyingine. Miaka thelathini na moja alikuwa mkaguzi katika kiwanda cha chupa kule chini mtoni. Chupa zilipita mbele yake juu ya mkanda, taa kali ikiwaka nyuma ya chupa hizo, naye akitazama. Yenye ufa, yenye kiputo, yenye shingo iliyopinda kwa unene wa ukucha, aliisukuma kwa kidole kimoja ikaangukia pipani na kuvunjika. Kiwanda kilifungwa miaka mitatu iliyopita. Siku ya mwisho, chupa ya mwisho ilipofika mbele yake, aliikagua mara tatu. Ilikuwa nzima. Aliiacha ipite, mkanda ukasimama, naye akabaki ameketi pale mpaka mtu wa umeme alipomwomba radhi na kuzima taa. Tangu siku hiyo hakuna kilichopita mbele ya Emil kikisubiri hukumu yake, isipokuwa Rosalie, na Rosalie alikwisha kumwonya.

Sasa, kwa heshima ya boksi lililotoboka, alichukua daftari jipya akaandika maswali ishirini na matatu ambayo begi la shabaha lazima liyajibu. Likiwekwa chini tupu, linasimama au linalala? Zipu inafunguka kwa mkono mmoja uliovaa glavu? Mkanda wa begani unakata shingo baada ya hatua ngapi? Kisha akakaa mbele ya kompyuta wiki sita, akitazama wanaume wenye ndevu na kofia wanaotumia dakika arobaini kufungua mfuko mmoja, kuufunga, na kuufungua tena.

Rosalie alisimama nyuma yake na kikapu cha nguo. "Huyu naye ana mke?"

"Anaeleza mishono."

"Maskini mwanamke wa watu."

Duka alilolichagua lilikuwa kubwa, la kwenye intaneti, lenye maghala katika majimbo manne, na juu kabisa ya ukurasa wake liliandika kwa herufi nene: Ridhika au rudisha, siku tisini, bila maswali. Watu wengine husoma maneno kama hayo wakayapita. Emil aliyasoma kama mwaliko wa harusi ulioandikwa jina lake.

Begi la kwanza lilikuja siku ya Alhamisi. Kwa macho ya kawaida lilikuwa begi zuri. Emil aliliweka juu ya meza ya chakula akaanza kuvuta zipu, kufungua na kufunga, mara mia mbili, huku Rosalie akila supu. Kwenye mara ya mia moja na kumi na nne zipu ilikwama.

"Umeona?" alisema kwa furaha ya mtu aliyekuwa akitukanwa bure na sasa ukweli umejitokeza.

"Nimeona. Hata mimi ningekwama."

Lilirudi. La pili lilinuka kama duka la matairi lililoungua. Emil alilipeleka gereji, lakini harufu ilijua njia ya jikoni, na pierogi za Jumapili, vile vitumbua vya unga vya kuchemsha vyenye viazi ndani, zikawa na ladha ya mpira. Lilirudi. La tatu lilikuwa na mifuko kumi na tisa, sifa kubwa sana kwa mujibu wa wanaume wenye ndevu, na Emil akaweka funguo za gari katika mmoja wao ili ajaribu. Zilipatikana siku mbili baadaye. Rosalie alikosa zamu yake ya kutengenezwa nywele na akawaeleza majirani kwamba begi lina mifuko kumi na tisa lakini mume wake ana kichwa kimoja tu. La nne kwenye picha lilikuwa na rangi ya mchanga wa jangwani. Kwenye boksi lilikuwa na rangi ya haradali. La tano liliegemea upande.

Denise, dereva wa gari la vifurushi, aliacha hata kupiga kengele. Alikuja na lebo ya kurudishia tayari mkononi. "Linaloingia ni hili," alisema. "Linalotoka liko wapi?"

Kwenye fomu ya kurudisha kulikuwa na kisanduku kidogo cha kueleza sababu. Wateja wengi huandika *dogo mno* wakaenda zao. Emil aliandika mpaka kisanduku kikagoma kupokea herufi, kisha akaomba kwa barua pepe aongezewe nafasi.

La sita lilikuwa balaa kuliko yote, kwa sababu lilikuwa zuri. Zipu iliteleza kama siagi. Lilisimama wima tupu, likasimama wima limejaa. Halikuwa na harufu. Mifuko ilikuwa sita, kila mmoja na kazi yake. Siku ya kwanza Emil alilizunguka kama mtu anayelizunguka gari lililouzwa rahisi mno. Siku ya tatu hakumaliza chakula chake. Siku ya tano Rosalie, ambaye hakuwa amezoea kumwonea huruma, alimpikia mkate wa nyama anaoupenda, akamwambia kwa upole, "Emil, labda ni begi tu. Begi zuri. Yapo."

"Hakuna kitu kisicho na kasoro. Kuna kitu ambacho hakijaangaliwa vya kutosha."

Siku ya nane aliligeuza chini juu, akalimulika kwa tochi, na kwa rula akahesabu mishono ya kitako. Kushoto, minane kila inchi. Kulia, saba.

Alikula vizuri sana jioni ile. Begi likarudi.

Jibu la duka lilifika kwa barua pepe wiki moja baadaye. Rosalie ndiye aliyeliona kwanza, akalisoma kwa sauti, amesimama katikati ya jiko na miwani puani:

"Mpendwa Bwana Hrabovsky. Tunakushukuru kwa kutuchagua. Baada ya kulitafakari jambo hili kwa kina, tumeona kwamba bidhaa zetu hazina uwezo wa kukidhi matarajio yako. Kuanzia leo akaunti yako imefungwa. Tunakutakia kila la heri katika mchezo wako wa shabaha." Akavua miwani. "Umeachwa, Emil."

"Nimefanyaje?"

"Hivyo hivyo ndivyo wanavyouliza wote."

Emil alipiga simu palepale. Alisubiri dakika hamsini akisikiliza gitaa, kisha akaja dada mmoja mwenye sauti laini aliyejitambulisha kuwa Shawnelle wa huduma kwa wateja.

"Mmesema bila maswali," Emil alianza.

"Ni kweli, Bwana Hrabovsky. Wala hatukukuuliza swali hata moja."

"Mmenifungia!"

"Bila maswali, bwana."

Emil alihema. "Kila begi lilikuwa na kasoro halisi. Nimewaandikia. Mmesoma?"

"Tumesoma, bwana. Sote tumesoma." Nyuma ya sauti yake kulisikika kitu kama kicheko kilichozibwa kwa kiganja. "Lile la tano, umeandika kwamba linaegemea upande kama mlevi anayesubiri mkewe afungue mlango. Wenzangu wameyabandika maneno hayo ukutani karibu na mashine ya kahawa."

"Lilikuwa linaegemea."

"Siwezi kubisha, bwana. Je, kuna kingine chochote naweza kukusaidia leo?"

Kilikuwepo, lakini hicho hakuweza kumsaidia. Emil alikata simu akamgeukia mkewe. Kabla hajafungua mdomo, Rosalie aliinua mkono. "Usiniombe niagize kwa jina langu. Jina langu ni safi, na nimelitunza."

Curt naye, Jumanne iliyofuata, alikataa bila hata kuvua vikinga masikio. "Nikikununulia mimi, utanirudishia mimi," alisema. "Nami sina idara ya malalamiko."

Ikabaki njia moja tu, na Emil aliijua tangu mwanzo, ndiyo maana alikuwa ameikwepa. Lilikuwa duka la Bernadine Kessler, lililobanana kati ya ukumbi wa mashine za kufulia nguo na kanisa la Walutheri, ambako wanaume wa Slatebrook walinunua risasi, mafuta ya bunduki na vibali vya kuwinda kulungu tangu mume wa Bernadine alipokuwa hai. Emil hakuwa amekanyaga pale kwa miaka kumi na moja. Alikuwa amenunua vikinga masikio, akarudi navyo siku ya pili na malalamiko: upande wa kushoto unaingiza sauti kuliko wa kulia. Bernadine alimwambia vikinga ni vizima na akapimwe sikio. Emil akatoka kwa hasira akiapa kwamba duka hilo halitaiona senti yake tena. Sikio alipimwa baadaye, kwa amri ya Rosalie, na mambo aliyoyasema daktari siku ile Emil hakuwahi kumsimulia mtu yeyote.

Aliingia Jumatano asubuhi, saa nne, wiki mbili kabla ya msimu wa kulungu. Juu ya mashine ya fedha kulikuwa na kibao cha mbao: HAKUNA KURUDISHA. HATA UKILIA.

Bernadine alikuwa na miaka sabini na minne, mfupi, miwani yake ikining'inia kwa uzi. Alimtazama Emil kuanzia kofia mpaka buti.

"Sikio linaendeleaje, kijana?"

"Natafuta begi, Bi Kessler."

"Rafu ya nyuma. Yako mawili. Jeusi na la kijani."

"Mawili tu?"

"Una mabega mangapi?"

Emil alitoa daftari lake. Alianza na la kijani, akahamia jeusi, akarudi kwenye la kijani. Yote mawili yalikuwa na kasoro, na hilo halikumshtua. Kilichomshtua ni mkono wake mwenyewe. Kila alipoamua kulibeba moja kulipeleka mezani, alikiona kile kibao, na mkono ukaliachia. Mabegi sita yaliyotangulia hakuwahi kuyachagua hata moja. Aliyaita tu yaje mbele ya taa. Sasa alitakiwa achukue kitu na kukaa nacho, kikiwa na makosa yake yote, siku zote, kama watu wanavyokaa na ndugu zao.

Saa tano ikapita. Mwanamume mmoja aliingia na ala ya bastola mkononi, akitaka kuirudisha kwa kuwa haimkai vizuri kiunoni. Bernadine alimwambia apunguze bia. Saa sita Emil bado alikuwa pale. Saa saba kasoro Bernadine alifungua karatasi, akatoa mkate wa nyama ya nguruwe iliyokatwa nyembamba, akaukata nusu, na nusu nyingine akaisukuma mbele ya kaunta bila kumtazama.

"Kula. Ukinifia hapa nitalazimika kujaza fomu."

Emil alikuja kula, kwa aibu kidogo. Kando ya kiwiko chake kulikuwa na boksi lililofunguliwa asubuhi ile, limejaa miwani ya kinga, ile wanayovaa walenga shabaha ili cheche na maganda ya risasi yasiwaingie machoni. Huku akitafuna alichukua moja, bila nia yoyote, kama mtu mwingine anavyochukua njugu. Aliielekeza dirishani. Akaacha kutafuna.

Akachukua ya pili. Akaishika kwa ncha za vidole, akaiinamisha kidogo kushoto, kidogo kulia. Ya tatu. Ya nne. Ile ya nne aliitenga.

"Hizo si mabegi," alisema Bernadine.

"Zimetoka wapi?"

"Ohio. Za msimu mpya. Kwa nini?"

"Njoo hapa. Usiangalie katikati. Angalia pembeni, kwenye skrubu." Sauti yake ilikuwa imebadilika, haikulalamika, wala haikujitetea. "Unaona vinyweleo vile, nyufa nyembamba kama unywele? Vinaanzia kwenye tundu, vinakwenda kama mizizi. Wameikaza kabla haijapoa. Leo ni kinyweleo. Kipande cha shaba kikiipiga, inafunguka yote."

Bernadine alivaa miwani yake, akachukua na ile ya kusomea magazeti akaiweka juu yake. Ilimchukua muda. "Yesu wangu," alisema mwishowe.

Walizipitia zote arobaini, Emil akitazama, Bernadine akipokea. Kumi na saba zilikuwa mbovu. Na Bernadine alikuwa ameshauza nne za boksi lililotangulia, la kundi lilelile.

Alikaa kwenye kigoda chake. Kisha akavuta simu ya mezani na daftari la wateja.

"Harlan? Bernadine hapa. Ile miwani niliyokuuzia, ilete. … Ndiyo, nakurudishia hela yako. … Ndiyo, umenisikia. Usinifanye nilitamke neno hilo mara mbili, nina shinikizo la damu."

Alipiga simu nne. Baada ya kila simu alikikodolea macho kile kibao cha mbao kana kwamba kimemtazama vibaya.

Tatizo lililobaki lilikuwa Ohio. Bernadine aliwafahamu. Alikuwa amewarudishia mizigo mara nyingi, nao kila mara walimjibu kwamba kasoro haikuthibitishwa, au fomu si sahihi, au muda umepita. Alimfungulia Emil mlango wa chumba cha nyuma. Mle ndani, kuanzia sakafuni mpaka darini, kulikuwa na bidhaa alizouziwa mbovu na zikakataliwa na waliomuuzia: mikanda iliyochanika kabla ya kuvaliwa, visanduku vya risasi ambavyo vifuniko vyake havikukutana na midomo yake, vikinga masikio visivyo na sifongo. Muda wote huo aliokuwa akiwanyima wateja wake haki ya kurudisha, yeye mwenyewe alikuwa akinyimwa.

"Ndiyo sababu ya kibao," alisema. "Wao hawapokei, basi nami nisipokee. Nimechoka kuwa jalala."

Emil alisimama mlangoni. Mtu mwingine angeona chumba cha takataka. Yeye aliona mkanda mrefu uliosimama ghafla, na chupa zote zikiwa bado juu yake.

"Una karatasi?" aliuliza.

Barua ya kwanza kwenda Ohio ilikuwa na kurasa nne. Ilikuwa na michoro. Ilikuwa na jedwali la miwani kumi na saba, kila moja na namba, urefu wa ufa, upande na idadi ya vinyweleo. Ilieleza kiwanda kinachohusika kilikosea katika hatua ipi ya mchakato wake, na kwa nini, na kwa heshima kabisa ikatabiri kwamba kundi la wiki iliyofuata litakuwa baya zaidi. Haikuwa na tusi hata moja. Rosalie, aliyeisoma kabla haijatumwa, alisema ni barua inayotisha kuliko zote alizowahi kuziona, na akaongeza kwamba anawahurumia watu wa Ohio ingawa hajawahi kuwapenda.

Siku tano baadaye simu ya duka ililia. Emil alikuwa kwenye ngazi, akipanga visanduku vibovu kwa aina ya ubovu. Bernadine alisikiliza, akakuna shavu, akasema, "Ndiyo. … Ndiyo. … Zote? … Nani aliyeiandika?" Akamtazama Emil aliyekuwa juu ya ngazi. "Mkaguzi wetu."

Emil aligeukia ukuta. Pale ukutani kulikuwa na vibanio vya kushikia karatasi za shabaha, naye akaanza kuvihesabu kwa makini sana, akavihesabu tena, mpaka Bernadine alipokata simu na kumwambia kwamba wanachukua miwani yote, wanalipa usafiri, na wanaomba, kama haitakuwa usumbufu, nakala ya ule mchoro wa pili.

Majira ya baridi yale Emil alikwenda dukani kila siku isipokuwa Jumanne na Jumapili. Hakulipwa, alipewa kahawa mbaya na nusu ya mkate wa nyama. Theluji ilifunga barabara, msimu wa kulungu ulikuja na kupita, na barua zilitoka Slatebrook kwenda Ohio, Texas, Carolina na kiwanda kimoja ng'ambo ya bahari ambacho kilijibu kwa lugha ambayo ilibidi mchungaji wa Kilutheri atafute mtu wa kuisoma, na kumbe kilikuwa kinaomba msamaha. Chumba cha nyuma kikaanza kuonyesha sakafu yake. Denise wa gari la vifurushi alipomkuta Emil kule nako, amesimama mlangoni na maboksi tisa yenye lebo, aliegemea usukani akafumba macho.

Nyumbani palikuwa na amani ya kutia shaka. Rosalie alinunua pazia la bafuni kwa dakika kumi na mbili, akalitundika, na Emil akaoga nyuma ya pazia hilo wiki nzima bila kuliona.

Usidhani alikuwa amegeuka malaika. Wateja walioleta malalamiko yao sasa walielekezwa kwake, kwa kuwa kibao kilikuwa kimeongezewa mstari chini kwa kalamu ya wino mzito: ISIPOKUWA MKAGUZI AKIKUBALI. Mkaguzi hakukubali kwa urahisi. Alimuuliza Curt, aliyekuja kurudisha kopo la mafuta ya bunduki, maswali kumi na nne, akamwandikia kwamba mafuta ni mazima na kasoro iko kwa mtumiaji. Curt alimwita majina kadhaa ambayo hayaandikiki mbele ya Walutheri, akaondoka na kopo lake.

Mwezi wa Machi, chumba cha nyuma kilipobaki na fagio na ngazi tu, Bernadine alimwita kwenye rafu ya mabegi. Yalikuwa yaleyale mawili, jeusi na la kijani, hakuna aliyeyanunua.

"Chagua moja. Zawadi."

"Nitaangalia kwanza—"

"Umeyaangalia toka saa nne mpaka saa saba, kijana. Mchumba wangu alipata muda mfupi kuliko huo."

Emil alilichukua la kijani. Aliligeuza kitako juu, kidole kikapita mshononi peke yake, kwa mazoea. "Pembe hii imeshonwa mara moja badala ya mbili. Itaachia."

"Lini?"

"Mwaka mmoja. Miwili kama sijalijaza sana."

"Basi?"

Alifikiri. Upande wa pili wa ukuta, mashine za kufulia zilikuwa zikizunguka, na mtu alikuwa akikoroma kwenye kiti akisubiri shuka zake.

"Basi nalichukua," alisema, na akaenda nalo nyumbani bila mfuko, mkanda begani, akitembea kwa miguu ingawa alikuwa amekuja na gari. Ilibidi Rosalie amrudishe kulichukua gari.

Jumanne ya kwanza ya Aprili chama kilifungua uwanja wake wa nje. Emil alifika mapema. Aliliweka begi juu ya meza yake ya zege, nalo likasimama, na wazee wote wakaja kulitazama maana walikuwa wamelisubiri tangu Septemba. Aliwaonyesha pembe mbovu kabla ya kitu kingine chochote. Aliwaonyesha mmoja mmoja, akamshika kila mtu kidole na kukipitisha kwenye mshono, kwa fahari ya babu anayeonyesha jino la kwanza la mjukuu wake.

"Tumeliona, Emil," alisema Curt. "Limependeza. Sasa piga."

Emil alifungua zipu kwa mkono mmoja uliovaa glavu. Kila kitu kilikuwa mahali pake: vikinga masikio kushoto, miwani kwenye mfuko wake laini, risasi chini, daftari kwenye mfuko wa nyuma. Alivaa, akasimama vizuri, akavuta pumzi kama wanaume wenye ndevu walivyomfundisha, akapiga risasi kumi kwa utulivu mkubwa.

Waliposogea kuangalia, karatasi ilikuwa na matundu mawili, moja kwenye pembe. Mengine manane yalikuwa kwenye kilima cha nyuma ya shabaha, ambako hakuna atakayeyapata.

Curt aliitazama karatasi, akalitazama begi, akamtazama Emil.

"Karatasi hii," alisema Emil, akiiondoa kwenye kibanio na kuielekeza kwenye jua, "imekatwa upogo."

"Emil."

"Angalia ukingo wake. Milimita mbili, upande huu. Wanatengenezea wapi hizi?"

Na alikuwa tayari ametoa kalamu.